Teknolojia saidizi katika haki jinai: mwongozo kamili kwa anayetaka kuifanya kazi hii

Kiziwi anapofungwa pingu mikono ikiwa nyuma, amenyang'anywa hata sauti yake. Askari aliyemfunga huenda hana nia mbaya, amefuata alivyofundishwa. Lakini tangu dakika hiyo mtuhumiwa hawezi kuuliza, kujibu wala kuomba mkalimani, na ukimya wake ni rahisi kuandikwa kwenye jalada kuwa ukaidi. Kazi inayoelezwa hapa ipo kwa ajili ya hali za namna hiyo: kumwezesha mtu mwenye ulemavu, au mwenye shida ya kusoma, kusikia au kujieleza, apite polisi, mahakamani na gerezani akiwa anaelewa na anaeleweka. Anaweza kuwa mtuhumiwa, shahidi, mfungwa, au aliyetendewa uhalifu.

Wanaoijua haki jinai ni wengi. Wanaojua teknolojia saidizi, yaani vifaa na programu za kumsaidia mwenye ulemavu, nao wapo. Anayezijua zote mbili ni adimu, na nafasi yako iko hapo. Tatizo ni kwamba wengi huanza na kifaa: wameona programu nzuri, sasa wanatafuta mtu wa kumpa. Mwongozo huu unakwenda kinyume. Kwanza njia ya kesi, kisha mtu, kifaa mwisho.

Hatua ya 1: Amua utawajibika kwa nani

Upande wa haki jinai kuna ofisa uangalizi, anayemwandikia hakimu ripoti kabla ya hukumu na kumsimamia aliyepewa kifungo cha nje. Kuna ofisa ustawi wa jamii, msaidizi wa kisheria, mkalimani wa lugha ya alama, ofisa urekebishaji gerezani, na mshauri wa waathirika wa uhalifu. Upande wa teknolojia kuna anayempima mtu na kumchagulia kifaa, anayemfundisha kukitumia, na mtengenezaji programu anayehakikisha mfumo wa mahakama unatumika hata na asiyeona.

Katikati kuna kazi ambayo wengi hawajaisikia, ya mwezeshaji wa mawasiliano. England na Wales ziliiingiza kwenye sheria mwaka 1999. Mwezeshaji humpima shahidi mwenye shida ya kuwasiliana, huieleza mahakama aulizwe vipi ili aelewe, na hukaa karibu naye anapohojiwa. Wengi wao wametoka kwenye tiba ya usemi na lugha. Hamtetei shahidi wala hasemi kwa niaba yake. Wajibu wake ni kwa mahakama.

Hapo ndipo penye swali la kujiuliza kabla ya kozi yoyote. Msaidizi wa kisheria yuko upande wa mteja. Ofisa uangalizi ana mahakama nyuma yake, na atakachoambiwa kinaweza kuingia kwenye ripoti. Mkalimani hana upande. Ukijaribu kuwa wote watatu kwa mtu mmoja utamdhuru, maana atakueleza siri akidhani wewe ni wake. Chagua, na siku ya kwanza mwambie mtu huyo waziwazi: mimi ni nani, nalipwa na nani, na yapi siwezi kuyaficha.

Hatua ya 2: Chora njia ya kesi na uweke alama pale watu wanapoanguka

Chukua karatasi. Andika kwa mstari: kukamatwa, mahojiano, dhamana, kusomewa mashtaka, ushahidi, hukumu, kifungo au uangalizi, kutoka. Chini ya kila neno andika mambo manne: hapa mtu anatakiwa asikie nini, aseme nini, asaini nini, afike wapi. Zoezi hili la jioni moja litakufundisha kuliko semina nyingi. Ukilifanya kwa uaminifu utakuta mambo kama haya.

Wakati wa kukamatwa, vifaa vinachukuliwa. Fimbo nyeupe inaonekana kama silaha. Shimesikio, kifaa kinachomsaidia mtu kusikia, inatiwa kwenye bahasha pamoja na mkanda na simu. Dawa nazo zinabaki kaunta. Mtu aliyeingia kituoni akisikia kwa shida sasa hasikii kabisa, na mahojiano yanaanza hivyo.

Mahojiano ndiyo sehemu ya kukaa nayo muda mrefu zaidi, kwa sababu kosa la hapa hufuata kesi hadi mwisho. Mtu mwenye ulemavu wa akili mara nyingi hujifunza tangu utotoni kwamba kukubali huwaridhisha wakubwa. Mwulize kwa ukali "Ulikuwepo, sivyo?" naye atasema ndiyo. Mwulize "Hukumwona?" akajibu "Ndiyo", na sasa chumba kizima hakijui kama anathibitisha kwamba hakumwona au anasema alimwona. Maswali ya kukanusha, maswali mawili ndani ya moja, na maswali yenye jibu lililokwisha tiwa ndani yake yaondolewe. Swali liwe fupi na liombe jambo moja. Haki zake zikisomwa, asiulizwe "Umeelewa?", kwani karibu kila mtu husema ameelewa. Aombwe azieleze kwa maneno yake mwenyewe. Kanuni za kimataifa za mahojiano ya uchunguzi zilizotolewa mwaka 2021, zinazoitwa Kanuni za Méndez, zinasukuma mambo yaelekee huko: mahojiano ya kutafuta taarifa za kweli badala ya kukamua ungamo. Zisome ukikusudia kufanya kazi karibu na polisi.

Dhamana ina mtego wa kimya. Masharti husomwa haraka, huandikwa kwa lugha ya kisheria, na kuripoti kunaweza kupangwa kwenye ofisi ya ghorofani isiyo na lifti. Asipofika, amevunja masharti. Hakuna aliyeuliza kama angeweza kupanda.

Tarehe za mahakama nazo ni sababu kubwa ya watu kujikuta kwenye matatizo zaidi, na dawa yake inaweza kuwa rahisi kuliko watu wanavyodhani. Jijini New York, watafiti waliipanga upya fomu ya wito wa makosa madogo ili tarehe, saa na mahali vionekane mara moja, pamoja na kitakachotokea mtu asipofika. Kisha wengine wakatumiwa ujumbe mfupi wa simu wa kuwakumbusha. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Science mwaka 2020: fomu mpya ilipunguza kutofika kwa takribani asilimia 13, na ujumbe kwa asilimia 21. Fomu na ujumbe, basi. Yeyote anayetaka kuanza na akili bandia ausome utafiti huo kwanza.

Gerezani, maisha huenda kwa kengele na amri za mdomo. Kiziwi asiyesikia jina lake wakati wa kuhesabiwa huadhibiwa kama mkaidi wa amri. Asiyeona hawezi kusoma ubao wa matangazo. Na lililo zito kuliko yote: kama masomo ya urekebishaji yapo kwenye vitabu vya kawaida tu, asiyeweza kuvisoma hamalizi masomo, na asiyemaliza huonekana hajarekebika anapofikiriwa kuachiwa mapema. Anatumikia muda mrefu zaidi kwa kosa lile lile.

Hatua ya 3: Shika nyaraka tatu

Usijaze kabati. Ya kwanza ni Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006 na kuanza kutumika Mei 2008. Ibara ya 13 inadai marekebisho ya kitaratibu ili watu wenye ulemavu wapate haki kwa usawa, wawe washtakiwa au mashahidi, na inataka watumishi wa sekta ya haki wafunzwe, polisi na magereza wakiwemo. Ukiomba jambo mahakamani, usiombe kwa huruma. Taja ibara na useme nchi yako imeridhia lini.

Ya pili ni Kanuni za Nelson Mandela, za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015 kuhusu wafungwa. Kanuni ya 5 inazitaka magereza zifanye marekebisho yanayofaa kwa wafungwa wenye ulemavu. Kanuni ya 55 inataka taarifa za kuingia gerezani zitolewe kwa namna inayomfaa mwenye ulemavu wa kuona au kusikia, na asiyejua kusoma aelezwe kwa mdomo. Ni mistari michache, lakini mkuu wa gereza akiiona imeandikwa, mazungumzo hubadilika.

Ya tatu ni miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 kuhusu watu wenye ulemavu kupata haki, yenye kanuni 10. Hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na kazi ya kila siku. Kisha ongeza sheria za nchi yako za mwenendo wa makosa ya jinai, ushahidi, na msaada wa kisheria. Hizo hazina njia ya mkato.

Hatua ya 4: Jifunze vifaa vichache mpaka mkono uzoee

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2016 orodha ya vifaa saidizi 50 vya kipaumbele, na ripoti yake na UNICEF ya mwaka 2022 ilikadiria kuwa zaidi ya watu bilioni 2.5 wanahitaji angalau kifaa kimoja. Huhitaji kuvijua vyote 50. Anza na makundi manne.

Kisoma skrini, yaani programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini, kwa asiyeona. NVDA ni programu ya bure ya kompyuta iliyoanzishwa mwaka 2006 na Waaustralia wawili, Michael Curran na James Teh, ambao wenyewe hawaoni. Simu za Android zina TalkBack, iPhone zina VoiceOver. Zote huja na simu. Washa kisoma skrini cha simu yako, funika skrini usiione, kisha jaribu kutuma ujumbe, kufungua barua pepe na kujaza fomu. Rudia kila siku mpaka uache kukasirika. Huwezi kumfundisha mahabusu asiyeona ndani ya nusu saa uliyopewa ikiwa wewe mwenyewe bado unapapasa.

Sasa chukua hati ya mashtaka iliyopigwa skani na uifungue kwa kisoma skrini. Kimya. Skani ni picha ya maandishi, na programu haina cha kusoma. Hili ndilo kosa linalojirudia kuliko yote: ofisi inasema kwa dhati kwamba ilimtumia mtu nyaraka zake kwa barua pepe, na ni kweli ilimtumia, lakini ilimtumia picha. Jifunze kutumia programu ya kutambua herufi, kisha ulinganishe matokeo na karatasi neno kwa neno, hasa majina, tarehe na tarakimu. Herufi moja iliyosomwa vibaya kwenye namba ya kifungu cha sheria inampeleka mtu kwenye kosa jingine kabisa. Jifunze pia kuandaa waraka safi tangu mwanzo: vichwa vya habari vilivyowekwa kwa mtindo wa programu badala ya kukozwa wino tu, majedwali mepesi, na maelezo ya maneno kwa kila picha ya ushahidi. Kwa anayetumia nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa vidole, uliza kama anazisoma kweli. Wengi waliopoteza uwezo wa kuona ukubwani hawakuwahi kujifunza.

Usikivu ni kundi la pili. Shimesikio haimrudishii mtu usikivu kamili. Chumba chenye mwangwi na feni huishinda. Kuna waya wa sumaku unaozungushwa chumbani na kupeleka sauti ya kipaza sauti moja kwa moja kwenye shimesikio zenye uwezo wa kuipokea. Mahakama nyingine zinao na umezimwa kwa sababu hakuna anayejua swichi iko wapi, basi uliza. Manukuu ya papo hapo yanayotengenezwa na simu yanasaidia kwenye mazungumzo ya kaunta. Kwenye ushahidi usiyategemee. Hukosea majina, huangusha maneno ya kukanusha, na hayana wa kuulizwa. Na kwa kiziwi anayetumia lugha ya alama, maandishi yanaweza kuwa ni lugha ya pili. Kifaa hakichukui nafasi ya mkalimani.

Kundi la tatu ni la wasiosema au wanaosema kwa shida: ubao wa picha, ubao wa herufi, kishikwambi chenye sauti. Ubao wa karatasi hauishi chaji na hauzuiliwi getini, kwa hiyo beba siku zote. Hakikisha una maneno anayoyahitaji mtu aliye kizuizini, kama "sielewi", "rudia", "naumwa", "nataka wakili", "amenipiga", "si kweli". Mbao nyingi zimejaa vyakula na rangi na hazina hata neno moja la kulalamikia.

La nne ni kumbukumbu na kusoma: vikumbusho vya simu, kalenda ya picha, hati iliyorekodiwa kwa sauti, taarifa za lugha nyepesi. Haya huwafaa hata wasio na ulemavu wowote uliothibitishwa, na ndiyo utakayoyatumia zaidi ya yote.

Hatua ya 5: Elimu

Njia za kawaida ni shahada au stashahada ya ustawi wa jamii, sheria, taaluma ya uhalifu, tiba kwa vitendo, au kompyuta. Yoyote inafaa. Linalokosekana katika kila moja lijazie mwenyewe: mwanasheria ajifunze vifaa, fundi wa kompyuta ajifunze ushahidi. Lugha ya alama ni uwekezaji mzuri, ila jua kwamba salamu na majina hayakufanyi mkalimani wa mahakama. Hilo linahitaji mafunzo na usajili wake.

Cheti kina uzito, lakini huduma ya uangalizi yenyewe ilianzia kwa mtu asiye na cheti. John Augustus alikuwa fundi viatu wa Boston. Mwaka 1841 alimdhamini mlevi mmoja mahakamani, akamrudisha baadaye akiwa mtu mwingine, na akaendelea kudhamini wengine kwa mamia hadi alipofariki mwaka 1859.

Hatua ya 6: Pata uzoefu unaoonekana

Kesi nyingi husikilizwa wazi. Nenda ukae nyuma, uandike mahitaji ya mawasiliano uliyoyaona na namna yalivyoshughulikiwa, bila majina ya watu. Ukifanya hivyo kwa wiki kadhaa utakuwa na jicho ambalo darasa halitoi. Halafu jitolee sehemu mbili: kituo cha msaada wa kisheria, na chama cha watu wenye ulemavu. Hicho cha pili usikiruke. Wao wamekwisha jua ni mahakama ipi ina ngazi na ni karani yupi husikiliza, na watakusahihisha ukianza kuwahurumia.

Kisha tengeneza kitu kimoja kidogo kinachofanya kazi. Pendekezo langu ni fomu ya ukurasa mmoja ya mahitaji ya mawasiliano, inayojazwa mtu anapofika kituoni na kusafiri na jalada lake hadi mwisho. Iulize mambo ya vitendo, wala si jina la ugonjwa: Unasikia vizuri nikiwa upande gani? Unasoma mwenyewe au unasomewa? Unatumia kifaa gani, na sasa kiko wapi? Ukichoka au kuogopa hutokea nini? Nani uliyemzoea akae karibu nawe? Ijaribu na watu wenye ulemavu, irekebishe, ijaribu tena. Mwajiri akiuliza umefanya nini, mkabidhi ukurasa huo na maelezo ya yaliyobadilika kati ya toleo la kwanza na la mwisho.

Hatua ya 7: Tenganisha kusaidia na kufuatilia

Hapa sina msimamo wa katikati. Teknolojia inayoingia kwenye haki jinai kwa jina la msaada inaweza kugeuka kamba. Bangili ya mguuni ya kufuatilia watu ilitumika mara ya kwanza mwaka 1983 kwa amri ya Jaji Jack Love huko Albuquerque, Marekani, na hoja ni ileile hadi leo: afadhali bangili kuliko gereza. Inaweza kuwa kweli. Lakini bangili inayolia mlio haina maana kwa kiziwi, na inayohitaji kuchajiwa kila siku ni adhabu ya ziada kwa asiye na umeme wa uhakika au anayesahau kwa sababu ya ulemavu wake. Ukiombwa maoni, sema hayo kwa maandishi kabla haijafungwa.

Programu za kukadiria nani atarudia kosa ni jambo jingine la kusimama nalo mbali kidogo. Mwaka 2016 uchambuzi wa waandishi wa ProPublica, chombo cha habari cha Marekani, kuhusu programu ya namna hiyo iitwayo COMPAS ulionyesha kuwa washtakiwa weusi ambao hawakurudia kosa waliwekwa kwenye kundi la hatari karibu mara mbili ya weupe. Kampuni iliyoitengeneza ilipinga. Mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya Jimbo la Wisconsin, katika shauri la Loomis, iliruhusu alama hizo zitumike kwa tahadhari ingawa mshtakiwa hakuweza kuona zinavyokokotolewa. Wewe ukiwa ofisa, swali lako liwe hili: je, naweza kumweleza mtu huyu kwa sentensi tatu kwa nini amepewa alama hii? Kama huwezi, usiitegemee kwenye ripoti.

Kwa kazi zako mwenyewe weka kanuni chache. Ujumbe wa kukumbusha tarehe usitaje kosa, kwa kuwa simu huazimwa. Kifaa cha mawasiliano kisihifadhi alichoandika mtu na wakili wake. Mahali alipo mtu kusikusanywe na programu ya kukumbusha dawa. Na mtu akitoa idhini, hakikisha angeweza kukataa bila kupoteza chochote; aliye kizuizini husema ndiyo kwa mambo mengi.

Hatua ya 8: Ukiajiriwa

Omba kazi hata pale tangazo lisipotaja teknolojia saidizi, kwa kuwa nafasi yenye jina hilo hutaiona mara nyingi. Omba uofisa uangalizi au usaidizi wa kisheria, kisha uwe yule anayeitwa jambo likikwama. Miezi ya kwanza usilete kifaa kipya. Tafuta vilivyopo kabatini, vitengeneze, fundisha walinzi wa getini kuvitambua ili visinyang'anywe, na uandike nani ana ufunguo.

Utasikia mambo mazito, na yatakufuata nyumbani. Dai usimamizi wa kitaaluma wa mara kwa mara kama sehemu ya mkataba, ukiwa bado una nguvu ya kudai.

Na siku mtu wako anapotoka, kuna orodha fupi ambayo hakuna mwingine atakayeifanya. Kifaa ni chake au ni cha gereza? Kama ni cha gereza, ombi la kupata chake lianze miezi kadhaa kabla. Chaja ipo? Betri za shimesikio zitamtosha hadi kliniki ya kwanza? Namba ya simu inayopokea vikumbusho ni ile anayoitumia sasa? Nywila alizowekewa na wafanyakazi zimebadilishwa, naye peke yake ndiye anayezijua? Ofisa uangalizi atakayempokea amepewa ile fomu ya ukurasa mmoja, na mwenyewe amekubali apewe?